Serikali Iliyofungwa Kamba ya Mbuzi

Bibi Nakijwa ndiye mtu pekee mlimani kote aliyewahi kuikamata serikali na kuitembeza kijijini ikiwa imefungwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia wageni, kidevu juu. Ukimwachia nafasi ya kumeza mate, anaongeza mwenyewe kwamba kamba ilikuwa ya mbuzi, kwamba fundo lilifunguka kabla hawajafika hata kwenye zahanati, na kwamba ni serikali iliyoinama, ikaiokota kamba, ikamrudishia kwa mikono miwili.

"Lakini kwa hatua kumi na nne," husema, "ilikuwa yangu."

Serikali yenyewe ilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la saba. Rangi yake ya majivu. Goti lake la kushoto lilikuwa likilia kila ilipopanda kilima, maana aliyepewa zabuni ya kuitengeneza alikuwa wa bei ya chini kuliko wote. Haikuwa serikali nzima, tusidanganyane. Ilikuwa Idara ya Mabwawa ya Milimani, na kwa jina la kisheria iliitwa Sura.

Zamani, ofisi ikikudhulumu, ulikuwa hujui umshike nani. Ukienda, afisa aliyesaini amehamishwa. Aliyechukua nafasi yake yuko semina. Faili halionekani. Unarudi nyumbani umechoka, na njiani unaanza kujiuliza kama kweli ulidhulumiwa au ulijikwaa tu. Serikali ilikuwa na mikono mingi sana, na haikuwa na uso hata mmoja wa kutazamwa. Ndipo ikaja Sheria ya Sura. Kila idara ikatengenezewa mwili mmoja, na ndani ya mwili huo vikamiminwa vyote: mafaili, barua, simu zilizopigwa na zisizopokelewa, na kila neno lililosemwa ndani ya kuta za ofisi zake tangu zijengwe, kwa kuwa kuta za siku hizi zinasikia na kutunza. Sura haihamishwi. Haistaafu. Haiendi semina. Ukiiuliza nani alifanya jambo, inakujibu neno moja tu ililofundishwa: "Ni sisi."

Idara ilikuwa imetiwa hatiani kwa vifo vya watu watatu wa Mbaghweni, waliochukuliwa na maji miaka kumi na tisa nyuma, lango la ndiva lilipofunguka mchana wa mvua bila king'ora kulia. Ndiva ni bwawa la kijiji. Babu zao walilichimba kwa majembe, Idara ikaja kulitia lango la umeme linalojifungua lenyewe. Mmoja wa watu wale watatu alikuwa Nakundwa, mdogo wake Bibi Nakijwa, aliyekuwa bondeni akifua mablanketi.

Mahakama ilitoa adhabu mbili. Ya kwanza, Idara ibadilishe ving'ora katika vijiji arobaini na viwili vyenye malango kama lile. Ya pili, Sura ije Mbaghweni mwaka mzima ifanye msaragambo, chini ya mikono ya wafiwa.

Msaragambo ni kazi ya wote. Baragumu likilia mara tatu, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetoka anaongewa mpaka masikio yamuwashe. Basi asubuhi ile ya kwanza baragumu likalia, na serikali ikatoka. Ilishika jembe kama mtu anayeshika nyoka. Wanaume wakacheka mpaka wakakaa chini. Kufika saa nne ilikuwa imechimba mtaro wa hatua sita, uliopinda kama mkia wa mbwa, na mzee Kiangi, aliyempoteza mwanawe kwenye maji yale na hakuwahi kucheka mbele za watu tangu siku hiyo, alikwenda akaishika mikono yake ya majivu akaipanga vizuri kwenye mpini.

"Hivi," alisema. "Ukilishika hivyo litakukata mguu."

"Tunashukuru," ilisema Sura.

"Usishukuru. Chimba."

*

Ilikaa kwa Bibi Nakijwa, kwenye chumba cha mbuzi, kwa kuwa mbuzi alikuwa amekufa. Siku za mwanzo aliituma kama punda. Iteke maji, ipasue kuni, ishike tochi akitafuta miwani ambayo iko kichwani pake. Aliiita "wewe Serikali". Jirani akipita, aliinua sauti: "Wewe Serikali, hebu nikune hapa mgongoni, si mlisema mnafika kila mahali?" Na serikali ilimkuna.

Lakini mtu ukiishi naye, unamzoea. Sauti ya Sura ilikuwa imesokotwa kutoka kwenye sauti za wote waliopita Idarani, na masika yalipofika Bibi alishaanza kuwatambua. Kile kikohozi kabla ya kusema namba, kile ni cha Injinia Mrutu, Mungu amrehemu. Kile kicheko kinachoanzia puani ni cha Mmbaga, karani. Alikuwa akiwasikia, anageuza uso, anajifanya moshi umemwingia machoni.

Maana kulikuwa na jambo. Bibi Nakijwa aliiambia mahakama kwamba yeye ni mkulima, na ni kweli, ana migomba. Hakusema kwamba miaka ile alikuwa pia kibarua wa ofisi ndogo ya Idara pale juu ya ndiva: anafagia, anapika chai, anarudi kwake. Hakuwa na mkataba. Jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote. Alidhani hata kuta hazikumwona.

Siku moja walikuwa wamekaa mlangoni wanachambua maharage. Jua zuri, kuku wanazungukazunguka. Sura ilikuwa inatoa mawe, inayapanga pembeni kwa ukubwa, maana ndivyo serikali ilivyo. Bibi akasema chai leo imekolea tangawizi kupita kiasi.

"Hata ile ya siku ya ukaguzi ilikolea, Mama Chai," ilisema Sura. "Mkaguzi alitokwa jasho."

Ungo ukamtoka Bibi mikononi. Hakuna aliyemwita Mama Chai kwa miaka kumi na tisa. Wote waliokuwa wakimwita hivyo walikuwa wamekufa au wamehamishwa.

Kuku waliyamaliza maharage yaliyomwagika. Kisha Bibi akauliza, polepole, kama basi wanajua.

"Tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kamba."

Akaiuliza wanajua kiasi gani, na Sura ikamwambia yote, kwa sauti ya chini, bila kukohoa.

King'ora kile kilitengenezwa na watu wa mjini ambao hawakuwahi kufika Mbaghweni wala kuuliza. Wakakipa mlio wa mara tatu, mrefu, wa kupanda. Yaani baragumu lenyewe la msaragambo. Kila asubuhi saa nne kilipojaribiwa, kijiji kizima kilitoka na majembe kuelekea ndiva, kinakuta hakuna kazi, kinarudi kinatukana. Na baya zaidi: siku ya hatari yenyewe kingewaita watu majini badala ya kuwakimbiza. Injinia Mrutu aliliona hilo. Aliandika makao makuu barua kumi na moja, akiomba mlio ubadilishwe. Hakujibiwa hata moja. Vipimo vya lango navyo viliwekwa na mtu aliyekuwa akisoma ramani ya nchi tambarare.

Siku ile, Nakundwa alikuwa amemwachia dada yake mtoto wa miezi mitano ili akafue. Mtoto alikuwa na tumbo, amelia tangu alfajiri, na saa tatu na nusu ndipo alipolala, ndani ya boksi la majani ya chai, chumba cha jiko. Saa nne king'ora kingelia juu ya paa lile lile. Mama Chai alichukua kipande cha kitenge alichokuwa amejifunga kiunoni, akapanda kwenye ndoo, akakisindilia mdomoni mwa king'ora. Injinia alipita akaona. Akasema kiache mpaka kesho, angalau leo tunywe chai kwa amani. Mmbaga akacheka kicheko chake cha puani. Mchana mvua ikaja.

"Mtoto alilala kwa muda wa saa tano na dakika saba," ilisema Sura. "Kuta zilihesabu pumzi zake. Hatukuwahi kuwa na siku ya utulivu kama ile, hadi saa nane na robo."

Bibi Nakijwa alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaivua tena. Mtoto yule alikuwa Elieshi. Alimlea yeye mwenyewe, akamsomesha, na sasa alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, fundi wa pampu za sola, anayepanda nguzo kama ngedere na kumpigia kelele mama yake mkubwa ale mboga. Elieshi alikuwa ameapa kulijua jina la aliyeziba king'ora, maana mahakama ilisema tu kwamba kilizibwa. Jina moja tu, alisema, nilitazame.

Bibi alisema basi, atasema. Siku ya kikao cha mwisho, wiki mbili zijazo, atasimama mbele ya wote. Amechoka kulala na kitu kile kifuani.

Sura iliendelea kupanga mawe. Ikamweleza sheria, kwa upole, kama mtu anayemkatia mgonjwa ndizi. Kwenye kikao cha mwisho wafiwa huulizwa swali moja: Sura ifunguliwe, au isifunguliwe? Ikifunguliwa, hutolewa majina ya watu mmoja mmoja, na mzigo wote unawahamia hao. Idara hapo inakuwa imeponyoka. Hakuna tena "sisi". Ving'ora vya vijiji arobaini na viwili vinabaki na mlio ule ule. Barua kumi na moja zinarudi droo. Na Bibi akijitaja mwenyewe, ni sawa na kuifungua.

"Kwa hiyo mnanifunga mdomo," alisema Bibi.

"Hapana. Tunakwambia kuna nini upande wa pili wa mlango."

"Na nisiposema? Nimtazame yule binti usoni mpaka nife?"

Sura ilikuwa na mafaili mengi, lakini hakuna lililoandikwa kichwa hicho. Ikasema kwa sauti ambayo Bibi hakuitambua kuwa ya mtu yeyote: "Ukisema uliziba, atauliza kwa nini uliziba."

Hapo ndipo Bibi alipolia. Maana hilo alikuwa hajalifikiria, au alikuwa amelifikiria kila siku. Binti angejua kwamba mama yake alikufa ili yeye alale.

*

Kikao cha mwisho kilikaa mchana, kwenye ukuta wa ndiva. Hakimu alikuwa mama mnene mwenye viatu vya shamba. Kijiji kizima kilikuwepo, kimekaa juu ya mitaro ambayo serikali ilichimba, ile iliyopinda na ile ya baadaye iliyonyooka.

Kutoka makao makuu alikuja wakili wa Idara, kijana mtanashati aitwaye Tuzo, viatu vimeng'aa mpaka vikamwaibisha alipofika kwenye tope. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja, shikamoo isiyokwisha. Bibi Nakijwa alimwitikia marahaba, akamwuliza kama amekula, akamwambia amekonda kwa kusema uongo, watu wakacheka, na yeye akacheka pia, kwa adabu.

Kisha akaanza. Alisema anawahurumia wafiwa. Alisema neno "sisi" ni zuri kwenye nyimbo, lakini halimfuti mtu machozi, kwa kuwa huwezi kulikasirikia neno. Mtu anataka mtu. Na Idara, kwa moyo mweupe, iko tayari kuwapa mtu. Akafungua mkoba. Kwa miaka kumi na tisa faili lile lilikuwa halionekani. Siku hiyo likaonekana, na ndani yake mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kipande cha kitenge.

Kilikuwa cha bluu, chenye miavuli ya njano.

"Hiki ndicho kilichotolewa mdomoni mwa king'ora," alisema wakili. "Ofisi ya serikali haijivalishi vitenge. Kuna mtu mmoja aliyefanya hivi. Ifungueni Sura, mpewe jina, kila mmoja arudi kwake na moyo mtulivu."

Bibi Nakijwa alikitazama kitenge chake. Doti moja ina vipande viwili. Alijifunga kimoja, na cha pili alimpa Nakundwa kiwe mbeleko ya mtoto. Aliona miguu yake inaanza kusimama yenyewe. Upande wa pili wa kikao, Sura ilikuwa imekaa kwenye meza ya mashahidi, mikono ya majivu juu ya mbao, na ilimtazama, na ilitikisa kichwa kidogo sana.

Alisimama nusu, akabaki hivyo, kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

Hakimu akauliza familia ya kwanza. Dada wa mmoja wa marehemu wale akasema ifunguliwe, amechoka. Mzee Kiangi akasema isifunguliwe. Alisema yeye amelima na hii serikali mwaka mzima, ameifundisha kushika jembe, na hataki kesho aambiwe kumbe aliyekuwa akichimba naye alikuwa mfagizi mmoja tu mahali fulani. Ikabaki nyumba ya Nakundwa. Mwenye kusema alikuwa Elieshi.

Elieshi alikuja mpaka kwenye meza. Alikichukua kile kitenge, akakigeuza, akakaa nacho muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama nguo. Bibi aliona kidole gumba chake kikipita juu ya mwavuli mmoja wa njano, taratibu, kwenda na kurudi.

"Nina swali moja kwa Sura," alisema.

Hakimu akamruhusu.

"Nguo hii ni ya nani?"

Wakili Tuzo alitabasamu. Sura haiwezi kusema uongo. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza, imeandikwa hata kwenye kitabu cha maelekezo. Wahandisi waliapa hivyo. Ila wahandisi hao hao ndio walioijaza watu.

"Ni yetu," ilisema Sura. "Ilitoka stoo. Ilikuwa kitambaa cha kufutia vumbi."

Na kiganja chake cha kulia kikaanza kuifuta meza, duara dogo, polepole, kana kwamba kuna chai imemwagika.

Bibi Nakijwa aliuona mkono ule. Maisha yake yote amekuwa akifanya hivyo. Mama yake alikuwa akiwaambia watu: ukitaka kujua kama Nakijwa anadanganya, tazama meza.

Elieshi naye alikuwa anautazama mkono. Alikunja kitenge vizuri, mara nne, akamrudishia wakili.

"Isifunguliwe," alisema. "Barua kumi na moja zilifika kwao, hawakujibu. Vipimo viliwekwa na wao. Mlio ulikuwa wao. Kama kuna aliyekosea hapa kijijini, alikosea akiwa ndani ya kosa lao. Mimi siwapi jina la mtu ili wapate pa kujificha. Waende wakabadilishe ving'ora."

Hakimu akaandika. Wakili Tuzo alifunga mkoba wake, akaangalia viatu vyake, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kijana wa watu tu. Mzee Kiangi alimwonyesha njia isiyo na tope.

*

Jua lilikuwa bado halijashuka walipofika nyumbani. Sura ilikuwa na siku tatu zaidi kabla ya lori la Idara kuja kuichukua, na Bibi alikuwa ameshaanza kuitafutia visingizio: kwamba zizi inalolijenga halijaisha, kwamba goti lile haliwezi safari. Aliweka chai mezani, vikombe vitatu, kama alivyozoea, ingawa kimoja hakinywewi kamwe, huishia kwenye migomba.

Elieshi aliingia chumbani. Walimsikia akifungua sanduku. Alipotoka alikuwa ameshika kitu kilichokunjwa, kimepauka kwa kufuliwa, mwavuli mmoja ukichungulia kwenye mkunjo. Hakukifunua. Alikiweka magotini, akakaa, akachukua kikombe chake, akapuliza.

Bibi akazungumzia hali ya hewa. Sura ikasema kwamba uwezekano wa mvua ni mdogo. Bibi akasema ni kweli. Halafu hawakuwa na kitu kingine cha kusema juu ya hali ya hewa.

"Mama mkubwa," alisema Elieshi, akiwa bado anakitazama kikombe. "Siku ile ya maji, mimi nilikuwa wapi?"

"Wewe?" alisema Bibi Nakijwa. "Si ulikuwa kwa jirani. Unalia tu kutwa nzima, hukulala hata lepe la usingizi."

"Jirani gani?"

"Mama Mgonja," alisema Bibi.

"Mama Kiangi," ilisema Sura, wakati huo huo, kwa nia njema kabisa.

Elieshi aliinua macho, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, midomo yake ikitetemeka mahali fulani kati ya kicheko na kile kingine. Kisha akateremsha macho mezani, ambako kiganja cheusi cha kizee na kiganja cha rangi ya majivu vilikuwa vinafuta, duara kwa duara, taratibu, meza ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.